Pikipiki Iliyogeuka Chukudu

Jumamosi, saa saba mchana, katika uwanja wa shule moja ya Kyeshero, mtaa wa mji wa Goma, Bénie alikata kamba ya turubai mbele ya watu waliokuja kumpongeza, akalivuta, na chini yake hakukuta pikipiki. Alikuta chukudu.

Chukudu ile, gari la mbao la magurudumu mawili ambalo vijana wa Goma hulisukuma kwa mguu likiwa limebeba makaa na viazi, ilikuwa imeegemezwa ukutani kwa uangalifu, usukani wake umeinuliwa hivi kwamba turubai lilichukua umbo la pikipiki. Kisha mtu mmoja nyuma akapasuka kicheko.

"Bénie, kesho utashindana na hiyo? Weka mafuta basi!"

"Mafuta ya nini? Hiyo inakunywa jasho!"

Bénie hakucheka. Alishika turubai kwa mikono miwili kama mtu aliyeshika nguo ya maiti. Siku za kazi alikuwa mshonaji wa sare za shule. Mwisho wa juma alikuwa mwendeshaji wa mbio, wala halipwi kitu, anapenda tu. Asubuhi ile, katika majaribio ya barabara, alikuwa amepata nafasi ya pili kati ya waendeshaji kumi na wawili. Mbio zenyewe zilikuwa kesho yake, saa nne. Na pikipiki ile haikuwa pikipiki tu. Ilikuwa ya kaka yake, Twizeyimana, ambaye hayupo tena duniani.

Chini ya mti wa parachichi alikuwa ameketi mama mmoja wa polisi, sahani ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, mapajani. Huyo alikuwa Kaswera, mpelelezi wa kituo kidogo cha Kyeshero, mwanamke wa makamo aliyekuwa na wajukuu wanne na subira ya kuwatosha kumi. Aliweka sahani chini, akajifuta vidole, akaja.

"Mtu asikanyage hapa," alisema kwa upole. "Bénie, mwanangu, ulimwachia nani pikipiki?"

"Julien."

Wote wakageuka. Julien Nshobole, fundi wa Bénie, alikuwa ndiyo kwanza anatokea nyuma ya vyoo vya shule, anajifuta oili mikononi kwa kitambaa. Alipoiona chukudu, kitambaa kikamwanguka.

"Ulikuwa wapi?" Kaswera akamuuliza.

"Hapa, mama."

"Hapa wapi?"

"Nilitoka kidogo."

"Kidogo kwenda wapi?"

Julien akatazama chini. "Siwezi kusema, mama. Pardon."

Hilo lilitosha. "Mwizi!" sauti moja ikapanda, na nyingine zikaifuata. Jiwe jeusi la volkano likapita juu ya bega la Kaswera na kumpiga Julien shavuni. Hakuinua hata mkono kujikinga. Kaswera akasimama mbele yake, akampigia kelele polisi kijana Guylain aliyekuwa akilinda lango la mbele, na kabla ya saa nane walikuwa wamemfikisha Julien kituoni. Walimfungia, ndiyo, lakini Kaswera alijua kwamba mlango ule wa chuma siku hiyo ulikuwa unawazuia watu wa nje zaidi ya yule wa ndani.

"Nisikilize," alimwambia kupitia nondo, akimpa kitambaa chenye maji cha kuweka shavuni. "Jumatatu asubuhi lazima nikupeleke kwa mwendesha mashtaka, na kutoka kule ni gereza kuu. Pikipiki isipoonekana, sina la kukutetea nalo. Ulikuwa wapi?"

"Nilitoa neno langu, mama."

"Kwa nani?"

"Nikisema ni kwa nani, nitakuwa nimelivunja."

Kaswera alimtazama sana. Kijana huyu alifika Goma bila ndugu. Banda lake la kazi lilijengwa kwa mabati ambayo majirani walimpa moja moja. Fundi akiitwa mwizi mara moja, nani atamwachia pikipiki tena?

"Jambo moja tu. Turubai unalifunga kwa kamba gani?"

"Sifungi kwa kamba, mama. Natumia mpira wenye ndoano mbili. Unafungua kwa kidole."

Kaswera akarudi uwanjani. Ile kamba ambayo Bénie aliikata kwa kisu bado ilikuwa chini, ya katani, na fundo lake lilikuwa zima. Ncha ya kamba ilikuwa imepitishwa ndani mara mbili na kukazwa hata ukucha haukuingia. Akaitia katika mfuko wake. Mpira wenye ndoano ulikuwa umekunjwa vizuri na kuwekwa juu ya ukuta. Mwizi gani huyu, akajiuliza, anayekunja vitu vya watu?

Nyuma ya uwanja, ukuta wa mawe ulikuwa na pengo. Hapo, juu ya mchanga mweusi, palikuwa na alama za magurudumu, na upande wa kushoto nyayo za viatu vya mtu mmoja. Pikipiki ilisukumwa, haikuwashwa, maana ufunguo ulikuwa na Bénie. Muda nao ulijulikana. Saa tano na nusu Bénie mwenyewe aliiona, kisha watu wote wakaenda lango la mbele kula na kusikiliza matokeo. Mwenye chukudu, aliyeleta matairi ya kuwekea vizuizi, aliiacha papo hapo ukutani naye akaenda kula.

Alama zilielekea upande wa ziwa, hatua chache, kisha zikafika kwenye mwamba wa volkano na kupotea. Mwamba hauhifadhi alama wala hautoi siri.

"Mtu anayesukuma pikipiki juu ya mawe haya hafiki mbali," Kaswera akamwambia Guylain. "Iko karibu. Chukua vijana, mtafute kila mahali mpaka ziwani."

Wakatafuta mchana kutwa: kwenye vibanda, migombani, chini ya mitumbwi iliyopinduliwa, hata katika vyoo. Hawakuona kitu.

Kaswera mwenyewe alikwenda kwenye banda la Julien na kukuta wengine wamemtangulia. Bati moja lilikuwa limeng'olewa, misumari imetapakaa. Pikipiki za wateja zilikuwa zimesimama pale kama ng'ombe waliokosa mchungaji. Alizipitia moja moja. Hakuona kilichoibwa, ila aliona namna kijana anavyofanya kazi. Mkono wowote wa breki au klachi uliovunjika Julien aliuunga kwa ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, akauzungusha kwa ulaini, kisha akamalizia kwa uzi mwekundu ili mpira usifunguke. Ilikuwa kazi ya mtu anayefikiria kidole cha atakayeshika.

Akiwa na picha hiyo machoni, akaenda kwa Carlos.

Carlos alikuwa mzaliwa wa Kyeshero, mwendeshaji aliyeshika nafasi ya tatu asubuhi, nyuma ya Bénie, na jambo hilo lilikuwa limemkaa kooni kama mfupa. Wiki nzima alikuwa ametangaza mtaani kwamba mwanamke apeleke cherehani yake barabarani, yeye Carlos atamshinda. Kaswera alimkuta uani, anaosha pikipiki.

"Mama polisi! Umekuja kunikamata? Watu wote wanasema Carlos ndiye ameogopa mwanamke."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema sikuogopa. Kesho ningemshinda mbele ya macho ya watu. Pikipiki yake ikikosekana, nitamshinda nani? Chukudu?"

"Saa sita ulikuwa wapi?"

"Uwanjani. Nakula."

"Ulikula nini?"

Carlos akababaika. Kaswera aliinama, akashika mkono wa klachi wa pikipiki ile. Ulikuwa umefungwa ukanda wa mpira, laini, na uzi mwekundu mwishoni.

"Nani amekufungia huu?"

"Mimi mwenyewe."

"Vizuri sana. Nionyeshe uzi uliobaki."

Maji yakaendelea kutiririka kutoka kwenye ndoo. Carlos akakaa juu ya jiwe, na majivuno yote yakamtoka.

"Nilianguka kwenye kona ya mwisho, mama. Mkono wa klachi ukavunjika. Fundi sina. Nikamwendea Julien, nikijua atanifukuza, maana mimi namtukana mtu wake kila siku. Hakunifukuza. Tukajificha nyuma ya vyoo, akanitengenezea. Nilimwapisha asimwambie mutu."

"Kwa nini?"

"Aibu. Watu wangesema Carlos anatembea kwa huruma ya fundi wa Bénie."

"Muda gani alikuwa nawe?"

"Tangu matokeo yalipoanza kusomwa mpaka tuliposikia kelele."

"Na amepigwa jiwe usoni, Carlos, na bado hakusema."

Carlos akafunika uso. "Nitasema mimi, mama. Nitasema hata sasa."

"Utasema. Lakini ukisema leo bila pikipiki kuonekana, watasema mliiba pamoja, mmoja alinde na mwingine asukume. Ngoja kidogo. Usiondoke Kyeshero."

Kwa hiyo washukiwa wawili walikuwa wametoka mikononi mwake kwa pamoja. Alifurahi, kwa sababu alikuwa amemwamini Julien. Na alihuzunika, kwa sababu ukweli aliokuwa nao haukutosha kumfungulia mtu mlango.

Jioni, kabla giza halijaingia, alipita kwa Bénie. Msichana alipanga chumba kimoja karibu na barabara, cherehani dirishani. Kitandani alilala mzee mrefu mwembamba, kitambaa chenye maji kipajini. Huyo alikuwa baba yake, Ntirenganya, mkulima na mchuuzi wa maharage wa mji wa Kiwanja. Alikuwa amekuja, Bénie akaeleza, kumwona mwanawe akishindana kwa mara ya kwanza. Alifika mlangoni saa tisa, gari limemchosha, kichwa kinampasuka.

"Pole, muzee," Kaswera akasema. "Umekunywa kitu?"

"Ndimu na maji. Itapita, mama. Ni vumbi la njia."

Bénie alikata kamba ya gunia la maharage kwa mkasi wake wa kushonea, akapima ya kupika. Kwa muda walizungumza juu ya majirani, nani ana wivu na nani ana tabia mbaya. Kisha mzee akainuka kwa kiwiko.

"Yule kijana aliyefungwa, amekula?"

"Bado," Kaswera akajibu.

"Bénie, yakiiva, mtilie sahani. Mtilie nyingi." Akalala tena. "Mutoto mwenye uso ule si mwizi."

Kaswera alibeba sahani ile mpaka kituoni, imefunikwa kwa kitambaa safi, na njia nzima alikuwa akiwaza jinsi ulimwengu ulivyo na watu wema bado. Mtu ameibiwa, naye anamtumia chakula anayedhaniwa kuwa mwizi! Wema ule ulimpasha moyo hata hakuutazama vizuri.

Jumapili, jua likianza kuchomoza, alimletea Julien chai. Guylain alikuwa mezani akiandaa zamu ya kulinda barabara. Kaswera akaketi, akaweka ile kamba yenye fundo mbele yake.

"Guylain, niambie tena mlikopita jana. Polepole."

"Tulishuka kutoka ukuta wa shule, mama. Migomba ya kushoto, vibanda, tukazunguka, tukateremka ziwani."

"Mkazunguka nini?"

"Si ndilo lile bonde la mazuku?"

"Hamkulitazama?"

Guylain akacheka. "Lakini mama, nani angeingia mule?"

Kaswera hakucheka. Hata yeye jana alikuwa amelizunguka bonde lile bila kufikiri, kama mtu anavyozunguka moto wa jikoni.

Mtoto wa Kyeshero hufundishwa mazuku kabla ya kufundishwa kuandika. Ni hewa mbaya itokayo ardhini, haina rangi wala harufu, nzito, inalala katika mabonde kama maji yasiyoonekana. Mchana upepo wa ziwa ukivuma hupungua, mtu akapita na kupata maumivu ya kichwa tu. Alfajiri, upepo ukiwa umelala, huua mbuzi, huua mbwa, humuua mtu anayeinama. Kulikuwa na kibao cha onyo pale zamani, lakini mtu aliyekosa kuni alikwisha kukiondoa, na hakuna aliyekirudisha kwa sababu wote walijua.

"Wote sisi tunajua," Kaswera akasema. "Kwa hiyo sisi wote hatukutafuta. Mwizi wetu ni mtu asiyejua."

Akalitazama fundo. Ncha imepitishwa mara mbili: ndivyo wachuuzi wanavyofunga maharage ili barabara mbovu isiyafungue. Akamwona tena Bénie na mkasi wake, anakata kamba ya gunia badala ya kuifungua. Akamwona mzee na kitambaa kipajini. Ndipo maneno yale yakamrudia: mutoto mwenye uso ule. Uso upi? Julien alikuwa ameshafungwa saa moja kabla ya mzee kufika mlangoni. Alimwona wapi?

Akachukua simu.

"Bénie, baba yako yuko?"

"Ametoka sasa hivi, mama. Amesema anaenda kusali misa ya kwanza."

"Ufunguo wa pikipiki uko wapi?"

Vitu vikasikika vikipekuliwa. "Uko... ulikuwa mezani. Mama, haupo!"

Kaswera alikuwa ameshasimama. Mzee hakuwa anakwenda kuficha. Alikuwa anakwenda kurudisha, ili kijana afunguliwe. Naye alikuwa amechagua saa mbaya kuliko zote.

"Guylain, leta kamba ndefu!" Akafungua mlango wa chuma. "Julien, toka. Mtu anakufa."

Walikimbia juu ya mawe yale makali, Kaswera nyuma yao, mkono kiunoni, anamwita Mungu kwa Kinande, lugha ya kwao. Ziwa lilikuwa kama kioo. Hakuna jani lililotikisika.

Waliiona pikipiki kabla ya kumwona mzee. Ilikuwa imelala katikati ya majani ya bonde, ndege mdogo amekufa kando ya gurudumu. Ntirenganya alikuwa amepiga magoti mteremkoni, mkono mmoja umeshika jiwe, kichwa kinaanguka polepole kifuani. Guylain akataka kushuka. Kaswera akamvuta shati, akawasha kiberiti cha gesi na kukishusha kwa mkono. Kabla hakijafika usawa wa goti, mwali ukazimika.

"Mnaona? Asishuke mtu anayepumua."

Julien alikwisha kujifunga kamba kiunoni. Akavuta pumzi, akaifunga kifuani, akashuka wima kama mtu anayeingia mtoni. Hakuinama hata mara moja. Aliteleza, akasimama, akamshika mzee kwapani na kumwinua juu ya kifua chake. Guylain na Kaswera wakavuta. Kamba ikawachoma viganja. Hatua, na hatua nyingine, kisha wote wanne wakaanguka chali juu ya mwamba.

Mzee hakupumua.

"Muzee!" Kaswera akamgeuza uso upande wa ziwa, akamlegeza kola. "Muzee Ntirenganya! Mutoto wako anakuja!"

Akakohoa. Akakohoa tena, akatapika maji ya ndimu, akafungua macho. Kaswera, ambaye katika kazi yake alikuwa ameona mengi na kulia machache, alikaa pale juu ya jiwe na machozi yakamtoka kwa furaha.

Bénie alifika akikimbia bila viatu. Alimpita kila mtu akaanguka juu ya baba yake.

Walimpeleka kwenye zahanati ya jirani. Muuguzi alimpa hewa safi, akampima, akasema atapona, kesho atakuwa na maumivu ya kichwa tu. Saa tatu mzee akaomba jambo moja: apelekwe uwanjani, mbele ya watu wale wale.

Uwanja ulikuwa umejaa. Walipomwona Julien anatembea huru, wengine wakaanza kuguna. Kaswera akampa mzee kiti, yeye mwenyewe akabaki amesimama.

"Jana mlitaka jibu," alisema. "Leo ninalo. Muzee, nitakuuliza, nawe unijibu. Ulifika Goma saa ngapi?"

"Saa nne asubuhi," Ntirenganya akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, watu wakasogea. "Nilimdanganya mwanangu. Nilishuka garini Munigi, nje ya mji, nikachukua pikipiki ya abiria mpaka hapa. Nikasimama nyuma ya watu ili anione baadaye, iwe furaha kwake."

"Ukaona nini?"

"Nikamwona akikata kona. Goti liko chini karibu kuigusa barabara. Watu wanapiga makofi. Mtoto wangu wa kiume alikufa kwenye pikipiki hiyo hiyo, njia ya Kiwanja. Niliiosha damu kwa mikono hii. Nikampa Bénie aendee kazini, nisijue... Nilipoona kona ile, sikuona Bénie tena."

"Ndipo ukaja kwenye turubai."

"Nilikuwa nakuja kumsalimu. Nikamwona kijana huyu analinda. Mara mwingine akaja, anachechemea, ameshika mkono wa klachi uliovunjika, akaongea naye, wakaondoka. Pikipiki ikabaki peke yake na mimi. Nikaweka chukudu mahali pake ili wachelewe kujua. Nikasukuma. Nikaona bonde lenye majani, nikasema hapa ni pazuri. Nilitaka mbio zipite tu. Jumatatu ningeirudisha."

"Ulisikia kwamba wamemfunga mtu?"

"Nilisikia njiani, nikirudi."

Hapo Bénie akasimama. "Ulisikia, baba! Ukala, ukalala, naye amepigwa jiwe usoni! Mimi nimelia usiku kucha nikimwita Julien mwizi. Julien!"

"Sikulala," mzee akasema. "Wala sikula. Lakini nilinyamaza, ndiyo. Niliogopa mara mbili. Niliogopa ufe, tena niliogopa unichukie."

Carlos akajisukuma mbele. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho. "Mwenye mkono uliovunjika ni mimi," akasema kwa nguvu, kana kwamba anatangaza ushindi. "Julien alinitengenezea bure. Aliahidi hatasema, akapigwa, hakusema. Aliyemtupia jiwe ajue hivyo."

Mama mmoja muuza mandazi akaanza kulia. Mwanamume mmoja aliyesimama karibu na ukuta alitazama viganja vyake, kisha akaondoka upande wa banda la Julien. Baadaye walimkuta anapigilia bati.

Mzee alishuka kwenye kiti. Kabla magoti yake hayajagusa ardhi, Julien alikuwa ameshamshika kwapani, kama vile alivyomshika asubuhi.

"Hapana, papa. Mimi siwezi kutazama muzee anapiga magoti."

"Nilikutia jina baya, mwanangu."

"Umelitoa mbele ya watu wote. Inatosha."

Kaswera akamgeukia Bénie. "Pikipiki ni yako. Unashtaki?"

Bénie alimtazama baba yake, akajifuta pua kwa mkono. "Nishtaki baba yangu? Sishtaki. Lakini baba, sikia. Nikipanda pikipiki ile, namsikia Twizeyimana akicheka. Ni mahali pekee ninapomsikia. Mimi ninakimbia barabara iliyofungwa, na kofia, na watu wanaonilinda. Yeye aligongwa na lori gizani. Si kitu kimoja."

"Najua," mzee akasema. "Kichwa kinajua. Moyo ndio haujasoma."

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha kupumua. Upepo wa ziwa ulikuwa umeanza kuvuma. Guylain na vijana wawili walikwisha kwenda bondeni, wakapima kwa kiberiti, wakaitoa pikipiki kwa kamba. Walipoifikisha barabarani, Julien alikausha plagi kwa shati lake, akakagua breki mara mbili, akapiga teke moja. Ikawaka.

Komite ya mbio ikampa Bénie nafasi yake. Alipovaa kofia, Carlos alimsogelea.

"Sitakuonea huruma, mshonaji."

"Nani alikuomba? Chunga uzi wako mwekundu usifunguke."

Saa nne kamili bendera ikashushwa. Mizunguko ilikuwa minane, kutoka shule hadi karibu na ziwa na kurudi. Ntirenganya alisimama kando ya barabara, nyuma ya matairi, katikati ya Kaswera na Julien. Sauti ya kwanza ya injini ilipopanda, akafumba macho, akayafumba sana hata uso wote ukakunjamana.

"Siwezi," akasema. "Nimejaribu."

"Basi usitazame, papa," Julien akamwambia, akampa mkono wake. "Miye nitatazama kwa ajili yako. Anakuja. Anakuja... amepita. Yuko salama."

Mzee akashusha pumzi.

Ikawa hivyo kila mzunguko. Injini zikija, mzee alikaza mkono wa yule kijana hata vidole vikawa vyeupe, na Julien alimwambia: amekata kona vizuri, amepitwa na mmoja, amempita Carlos, Carlos amerudisha. Kaswera aliacha kutazama mbio. Alitazama mikono ile miwili, mmoja wa udongo na mmoja wa oili, na moyo wake ukatua.

Mzunguko wa nane watu walipiga kelele nyingi mno, maneno ya Julien yakapotea. Mzee akamtikisa. "Nini? Sema! Nini?"

"Amefika, papa! Ni wa tatu! Amefika, anashuka, anavua kofia."

Ntirenganya akafumbua macho.